Dada Chumvi na Kopo la Kocha

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Kikija kikapu cha nyanya jikoni naanza kuzigeuza za chini, za juu baadaye. Mtu akinichekea asubuhi na mapema, najiuliza anataka nini. Mume wangu husema hata mvua ikinyesha nitauliza imetumwa na nani. Kwa hiyo siku Dada Chumvi aliposimama katikati ya jiko, mikono kiunoni, akatangaza kwamba kuanzia leo hagusi mafuta, hagusi sukari, hagusi cha kukaanga, mimi niliendelea kumenya vitunguu vyangu.

"Haya, tutaona," nikasema.

"Tutaona nini?"

"Tutaona kama utafika Ijumaa."

Akanirushia kitambaa cha mezani. Hakununa, maana hana kinyongo yule. Sisi wawili ndio tunaopika kantini ya kiwanda cha magodoro. Mimi nakata, yeye anapika. Jina la Chumvi alipewa na wafanyakazi wa kiwanda, kwa sababu hakuna sufuria linalotoka mle jikoni kabla ulimi wake haujalipitisha. Ni mwanamke wa mwili, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwenye mashine za kushonea. Miaka yote niliyomjua alikuwa akijicheka mwenyewe kwa unene wake. Leo kaanza na kujinyima? Hainiingii akilini, nikasema, kuna jambo hapa.

Lilikuwepo. Watu walipokwisha kula alinivuta pembeni ya masinki akaniambia, na machozi yakawa yanamlengalenga. Mdogo wake, fundi rangi, figo zake zimekufa. Nilimjua yule kijana. Alikuwa na kifua kipana kama mlango, anapanda ngazi na ndoo ya rangi huku na huku kama anabeba vikombe. Sasa kila baada ya siku mbili tatu anafungwa kwenye mashine ya hospitali, wanamsafisha damu. Kuna wakati alikata tamaa kabisa, akajifungia chumbani, akasema haendi tena kwenye mashine, wamwache afe nyumbani kwake. Mke wake alilia mlangoni mpaka sauti ikakauka. Chumvi ndiye aliyekwenda kusimama dirishani akamtukana, akamtukana tena, mwisho akamwambia, "Toka humo, mjinga we. Nitakupa yangu moja." Akatoka.

Vipimo vya ndugu wote vilifanyika na vya Chumvi pekee ndivyo vilivyokubaliana. Lakini daktari alimtazama juu mpaka chini, akamfunga mkono kupima presha, akatikisa kichwa. "Mama, hatumpasui mzima ili tumponye mgonjwa, kisha tubaki na wagonjwa wawili. Punguza uzito, shusha presha, rudi mwisho wa mwaka. Ukiwa tayari, tutaendelea."

"Kwa hiyo nikila," Chumvi akaniambia, akifuta macho kwa aproni, "namla mdogo wangu."

Nilijisikia vibaya kwa ile Ijumaa yangu. Lakini tabia haina likizo, nikaendelea kumwangalia.

Na kweli alijikaza. Chakula chake cha mchana alikileta kutoka nyumbani, mboga za majani, maharage ya kuchemsha, kipande cha tunda. Chai alikunywa bila sukari, uso umemkunjamana kama anakunywa dawa ya minyoo. Kituo cha basi akakiruka, akawa anakuja kwa miguu, anafika ameloa jasho, anapumua kama mwenye mimba. Mwezi ukapita. Akapanda mizani ya zahanati ya kiwanda, hola. Mshale umesimama palepale, tena umesogea mbele kidogo.

Hapo ndipo wifi yake alipoanza. Huyu mke wa fundi rangi ni msusi, mwanamke mwembamba, mkavu, mwenye macho yasiyopepesa. Saluni yake iko mtaa wa nyuma ya kiwanda, na maneno ya saluni hayahitaji miguu. Nilipokwenda kusukwa aliniambia waziwazi, kidole kikiwa kwenye nywele zangu, "Mwenzako hataki kutoa. Aliropoka mbele za watu, sasa anajificha nyuma ya kitambi. Akiendelea kunenepa, daktari atamkatalia, naye atabaki na jina zuri."

"Usimseme hivyo wifi yako. Anajinyima, namwona."

"Unamwona akiwa kazini. Nyumbani je? Mimi nimeolewa kwao, nawajua. Ile familia wanapenda kula kwa siri."

Nilimkatalia kwa mdomo. Moyoni, nisiseme uongo, lilinikaa. Siku iliyofuata nilipekua mkoba wa Chumvi alipokwenda msalani. Nilikuta chupa ya maji, kanga na karanga tatu, basi.

Kisha akatokea Kocha. Chumvi alisema alisimamishwa njiani, kijana mwenye mikono imejaa kama mikate, fulana imembana, akamsalimia kwa heshima. "Dada mpishi, nasikia unataka kupungua."

"Kasikia wapi?" nikamuuliza.

"Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Wewe! Hata salamu unataka uione kitambulisho!"

Nikasema siendi kulala na swali, nikamsindikiza. Ukumbi wa mazoezi ulikuwa nyuma ya mahali pa kuoshea magari, sakafu ya saruji, vyuma vya kunyanyua, muziki wa kupasua ngoma za masikio. Ukutani kulikuwa na picha mbili za mwanamke, kabla na baada. Nikazisogelea. Yule wa kabla ndewe ya sikio lake ilikuwa imechanika. Yule wa baada masikio yake mazima. Nikamwonyesha Chumvi kwa kidole, akanifinya.

Kocha alimpima kiuno, akampigia makofi, akamwonyesha video kwenye simu za watu wakirukaruka na kulia kwa furaha. Halafu akatoa kopo. Lilikuwa jeupe, mfuniko mwekundu, halina hata karatasi ya kusema kilichomo. Ndani kulikuwa na unga wa kijani. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, kwenye maji ya uvuguvugu.

"Una nini ndani?" nikauliza.

"Mimea mitupu, mama."

"Mimea gani?"

"Ya asili."

"Hata upupu ni wa asili."

Akacheka, meno yote nje. Na kitu kimoja kilinichoma zaidi ya kopo. Muda wote ule hakumuuliza Chumvi hata mara moja anakula nini, anafanya kazi gani, ana ugonjwa gani. Nilimwambia hivyo tukiwa njiani. Akanijia juu.

"Mdogo wangu anakufa, wewe unahesabu masikio ya picha! Nimejinyima, nimetembea, sijapungua hata gramu. Unataka nifanye nini? Niambie basi wewe unayejua!"

Kesho yake akaanza unga wake.

Wiki chache baadaye, karibu na saa za chakula, mlango wa nyuma wa jiko ukafunguka. Wifi. Hakubisha, hakupiga hodi, kajifunga kilemba mpaka kwenye nyusi kana kwamba sitamjua. Alisimama nyuma ya magunia ya mchele akitazama. Mimi nilimwona, nikasema ngoja, leo tumalize hili shauri, aone mwenyewe jinsi mtu anavyojinyima.

Chumvi alikuwa kwenye majiko, mgongo kwetu. Akachukua bakuli lake dogo la bati. Akachota maharage, akayapuliza, akala. Akaongeza maji. Akachota tena, akala. Akahamia kwenye mchuzi wa nyama, akachota na kipande, maana nyama haijulikani kuiva mpaka uitafune. Akala. Akachukua wali kidogo, akaumwagia mchuzi aone kama vinapatana. Akala. Akarudi kwenye maharage. Kabichi. Uji wa wale wenye vidonda vya tumbo. Mchuzi tena.

"Nimekukamata!" Wifi akaruka kutoka nyuma ya magunia. "Nilisema mimi! Nilisema! Unakula!"

Chumvi aligeuka na bakuli mkononi, mdomo umejaa. Alishtuka, lakini hakuonekana kama mtu aliyefumaniwa. Alionekana kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

"Nakula nini?"

"Hicho kilicho mdomoni!"

"Sili. Naonja."

Jamani! Nimefanya kazi na yule mwanamke miaka na miaka, nimesimama naye bega kwa bega, nimempekua mkoba, na lile bakuli lilikuwa linapita mbele ya macho yangu kila siku. Sikuliona. Jikoni kuonja si kula. Kula ni kukaa chini na sahani yako. Hata yeye mwenyewe angeapa mbele ya hakimu kwamba tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni, na angeapa kwa moyo mweupe.

Nilianza kucheka. Sikuweza kujizuia, nikakaa juu ya gunia nikashika mbavu. Wifi alikuwa bado ananyoosha kidole, Chumvi akatazama bakuli, akatazama masufuria, moja baada ya jingine, nikaona uso unambadilika.

"Mungu wangu," akasema polepole. "Ni chakula cha mtu mzima hiki."

"Cha watu wawili," nikasema.

Siku hiyohiyo Wifi alimburuta mpaka hospitali, kwa mama wa lishe. Kumbe yuko pale siku zote, chumba cha mwisho kwenye korido, benchi tupu mlangoni, watu wanampita wanakimbilia kwa kina Kocha. Hana mikono ya mikate, mama wa watu, ana miwani na kikohozi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Unafanya kazi gani?" Akaambiwa. Akatabasamu kidogo, akasema wapishi wote ni hivyo. Ncha ya kijiko inatosha, na mwenzako akusaidie kuonja. Akampangia chakula cha kawaida kabisa, cha sokoni, akamwambia asitegemee miujiza, aende taratibu. Mwisho akauliza, "Kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hapana," Chumvi akajibu. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi na Wifi, sikusikia. Ningesikia, ningeingia.

Basi kazi ya kuonja ikaja kwangu. Wafanyakazi walilalamika chumvi imezidi, kesho yake wakalalamika haipo, mmoja akauliza kama mpishi amekufa. Lakini mizani ilishuka. Ilishuka na kushuka, presha nayo ikatulia, magauni yakaanza kumpwaya, akawa anapanda ngazi za stoo bila kushika ukuta. Na sifa zote akazipeleka kwenye kopo.

"Umeona unga wa Kocha?"

"Nimeona umeacha bakuli."

"Huna shukrani wewe." Akaongeza kijiko cha mchana, ili mambo yaende kasi.

Nilimwambia alionyeshe kopo kwa daktari. Akasema si dawa, ni chakula, atamwonyesha daktari majani? Nilinuna, akanuna, tukapika siku nzima bila kusemezana. Nikashindwa. Mtu anayepungua huwezi kumbishia.

Siku chache kabla ya kurudi kwa daktari, Chumvi alitualika nyumbani kwake, mimi, Wifi na mdogo wake. Mchana, chumba kidogo, mlango wazi, meza imesogezwa karibu na kitanda ili fundi rangi aegemee mito. Alikuwa amekwisha, maskini. Kile kifua kimebaki mbavu, ngozi imepauka, lakini siku hiyo alikuwa anacheka. Alimshika dada yake kiuno akasema mikono sasa inakutana. Wifi naye alikuwa amebadilika, anamwita "wifi yangu" kwenye kila sentensi, amemletea mafuta ya nywele. Nilikaa nikiwatazama, na kwa mara ya kwanza nikajiambia, acha kushuku, mama, mambo mengine huenda vizuri tu.

Chumvi akashusha kopo kutoka kabatini achanganye kijiko chake.

Fundi rangi akaliona. Uso wake ukang'aa. "Ah! Kumbe Kocha alikupata! Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimwambia, nenda kamsaidie dada yangu, mwenyewe hataweza."

"Wewe unamjua Kocha?" Wifi akauliza.

"Namjua? Huyo ndiye aliyenijenga. Ule unga ni kiboko. Nimeunywa miaka, tangu kabla sijakuoa. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, nikiwa na kazi nzito naongeza cha mchana. Mlikuwa mnadhani kile kifua kilitoka wapi?"

Kijiko cha Wifi kilisimama hewani. Chumvi alikuwa ameshika glasi, maji ya kijani ndani, akaiweka mezani taratibu sana.

"Ulimwambia daktari?" akauliza, sauti ya kawaida kabisa.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba unatumia huo unga."

"Waliniuliza dawa. Huo ni unga wa mimea, dada. Utamwambia daktari na mchicha?" Akacheka, akakohoa. Alikuwa hajaunganisha chochote. Alikuwa anatutazama kwa furaha, mtu aliyemfanyia dada yake jambo jema.

Wifi akafungua mdomo. Chumvi akamwahi. "Kula, mdogo wangu, chakula kinapoa." Glasi akaibeba nje, nikasikia anaimwaga kwenye mtaro.

Kwa daktari tulikwenda wanawake watatu na kopo ndani ya mfuko wa plastiki. Chumvi alisema yote, la bakuli, la kijiko cha mchana, la mdogo wake. Daktari alinusa ule unga, akaufunga, akaupeleka maabara. Damu ikachukuliwa, na mkojo. Tulipoitwa tena wiki iliyofuata hakuzungukazunguka. Uzito safi. Presha safi. Lakini figo za Chumvi zimeanza kuharibika, zinavujisha protini kwenye mkojo. Siwezi kuapa ni unga peke yake, alisema, ila ndani yake kuna vitu ambavyo figo haina kazi navyo, na nikitazama vipimo vya mdogo wako vya mwanzo kabisa, vinafanana na hivi. Acha kabisa. Huenda zikapona. Huenda. Kutoa, kwa sasa, haiwezekani.

Wifi aliinama akajishika kichwa. Alimwomba daktari asimwambie mumewe leo. Daktari akasema atalizungumza naye siku akiwa na nguvu.

Mimi niliondoka pale na hasira inanichemka, moja kwa moja mpaka nyuma ya mahali pa kuoshea magari. Nilikuta kufuli. Kijana anayeosha magari akasema Kocha amehama, anapata wateja zaidi upande wa pili wa mji. Nilipiga ule mlango wa bati kwa ngumi mpaka mkono ukavimba.

Niliporudi hospitali niliwakuta kwenye korido, nje ya chumba cha mashine. Wifi alikuwa analia kimya kimya. Chumvi hakuwa analia.

"Twende tukamwambie ukweli," nikasema. "Ni mtu mzima."

"Akijua ni Kocha, atajua ni yeye aliyemtuma," Chumvi akasema. "Atajifungia tena. Safari hii hata nikimtukana hatoki. Akinichukia mimi, atakuja kwenye mashine. Akijichukia mwenyewe, haji."

"Mwambie basi daktari kasema usubiri."

"Ataniuliza kwa nini. Mimi kumdanganya nusu nusu sijui. Figo zangu zikipona, nitamwambia moyo umenirudia."

Wifi akamshika mkono. "Wifi, hapana. Watakusema. Mimi ndiye niliyeanza kukusema, nawajua watakavyokusema."

"Wameshazoea," Chumvi akasema, akasukuma mlango.

Fundi rangi alikuwa amelala kwenye kile kiti kirefu, mpira wa damu umetoka mkononi umeingia kwenye mashine. Alipotuona aliinua kichwa. "Dada! Wamesemaje?"

Chumvi akavuta stuli akakaa karibu naye. "Nimeshindwa, mdogo wangu. Naogopa kisu. Nimewaambia sitoi."

Nilitaka kupiga kelele. Wifi alitangulia, alisema "Mume wangu..." na Chumvi, bila kumtazama, akamkanyaga mguu, kwa nguvu, nikauona uso wa Wifi unavyojikunja.

Yule kijana alimtazama dada yake muda mrefu, gauni linalompwaya, mashavu yaliyoingia ndani.

"Nilijua tu," akasema. "Tangu siku ya kwanza nilijua." Akageuzia uso ukutani.

Mashine ikaendelea kuzunguka. Chumvi hakuondoka kwenye stuli.

"Keshokutwa utakuja?" akamuuliza.

"Nitakuja. Nitakuja kila siku mpaka nipone, nikuonyeshe kwamba sikukuhitaji."

"Sawa," akasema dada yake, akamfunika miguu.